Nyama ya Ngozini

"Laza kisu! Laza, nimesema, usikisimamishe kama unachimba muhogo!"

Hamduni alikuwa amesimama juu ya jiwe, leso puani, suruali ameikunja hadi magotini. Chini yake, kwenye sakafu ya machinjio ya Kabasa, damu ilikuwa imeanza kuganda na nzi walikwisha kupata habari. Magige, mchunaji, alikuwa ameinama juu ya ng'ombe mwekundu aliyelazwa chali, na hakuinua kichwa. Kisu chake kiliendelea kupita kule kule kilikokatazwa, ndani ya nyama badala ya kati ya nyama na ngozi. Ngozi ilipovutwa ilitoka na mapande ya nyama yakining'inia.

"Nimelaza, mwalimu."

"Umelaza wapi? Na hii ni nini?"

"Inatelezaga tu."

Iliteleza jana, iliteleza juzi, na kwa jinsi Hamduni alivyomwona mtu yule, ingeteleza mpaka siku ya kiama. Akashuka jiweni, akaishika ngozi kwa ncha za vidole viwili, akaitazama, akaitupa. Alitamani kutema mate lakini hakutaka kufungua mdomo mahali pale.

Tuseme kweli: mtu huyu aliichukia kazi yake. Alizaliwa Musoma mjini, mtoto wa fundi cherehani, akasoma hadi darasa la sita katika shule ya serikali akiota meza, kalamu na kiti cha kuzunguka. Idara ya Mifugo ilipotangaza nafasi za walimu, alisikia neno "walimu" akaacha kusikiliza mengine. Akapelekwa chuoni Mpwapwa, na huko akajua kwamba ualimu wenyewe ulikuwa wa kuchuna ng'ombe. Alirudi na sare ya kaki, baiskeli, visu vyenye ncha ya duara, na harufu ambayo sabuni haikuiweza. Watu wa Bunda wakamwita Mwalimu wa Ngozi, na wengine, hasa wanawake wa kisimani, walilitamka jina hilo huku wakisogea pembeni. Kwa kuwa damu ni najisi, kila adhuhuri ilibidi aoge mwili mzima na kubadili nguo ndipo asali, na bado alipoinama kusujudu aliisikia harufu ya ngozi mbichi ikitoka kwenye viganja vyake mwenyewe.

Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza. Ngozi za Mara zilikuwa zinafika sokoni zimejaa matundu, zimeoza pembeni, manyoya yananyonyoka. Serikali ilitaka wachunaji wafundishwe kuchuna safi na kuziwamba kivulini kwenye fremu za miti, si kuzitandaza chini juani kama vitanda vya wazee. Hamduni alifundisha kama alivyofundishwa. Alichora ng'ombe ubaoni kwa chaki, mchoro ambao wachunaji walikubaliana kwamba ni mbwa mwenye pembe. Aliwafanya wakariri: kidevuni hadi mkiani, mstari mmoja; miguu ya mbele ndani hadi kidarini; mkono wa kushoto uvute, wa kulia ulaze kisu; mbavuni tumia ngumi, usitumie kisu. Walikariri vizuri, Magige kuliko wote. Alikuwa na sauti nzuri. Halafu akishika kisu, mambo yalikuwa yale yale.

"Kichwa maji," Hamduni alimwambia Bi Fatu, mwenye nyumba aliyempangisha chumba. "Nimefundisha hadi koo limekauka. Mtu anajibu vizuri, anafanya vibaya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Bi Fatu alikuwa anachambua mchele. "Labda si sikio linalokufa, mwanangu. Labda dawa yenyewe ni chungu."

Hamduni hakutaka kubishana na mwanamke mwenye ungo. Siku hiyo alikuwa na neno zito zaidi kichwani. Bwana Mifugo mgeni, Mzungu aliyefika Musoma hivi karibuni, alikuwa ametuma salamu kwamba Jumatano ijayo atakuja Kabasa kuona kazi. Mchunaji atakayeharibu ngozi mbele yake atanyang'anywa kibali, na asiye na kibali haruhusiwi kukanyaga machinjioni. Hamduni alikuwa amelitangaza neno hilo asubuhi ile ile. Magige alisikiliza, akasema "Ndiyo, mwalimu," akaendelea kuharibu.

Kesho yake Hamduni alisahau leso machinjioni, akairudia jua likiwa limepanda. Alitegemea kukuta mahali patupu. Badala yake, nyuma ya ukuta, alimkuta mwanamke amechuchumaa juu ya ngozi ya asubuhi iliyotandazwa chini, na katika mkono wake jembe lililochakaa likanolewa mpaka likawa kama wembe. Alikuwa anakwangua. Kila alipokwangua alipata kijipande cha nyama, wakati mwingine nyembamba hata mwanga ukapita, akakitupa ndani ya chungu kando yake. Nzi walifuata mkono wake kwenda na kurudi. Jembe lilipokwenda kwa nguvu zaidi liliitoboa ngozi, na yeye akaendelea bila kujali.

Hamduni aliziba pua kwa kiganja. "Wewe mama! Unafanya nini?"

Mwanamke aliinua uso. Alikuwa Nyamburi, mke wa Magige. "Ninatoa mboga, mwalimu."

"Mboga? Hii? Imelala juani tangu alfajiri! Hamwoni haya, kula uchafu kama huu?"

Nyamburi alifukuza nzi kwa kiwiko. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani.

"Nitaona haya gani, na hii ndiyo mshahara yake? Shomari mwenye bucha hampi Magige pesa. Hampi nyama pia. Anasema, nyama ikibaki kwenye ngozi ni yako. Ni hivyo tu, tangu alipokuwaga baba yake Shomari. Ikibaki kidogo, tunakula kidogo. Ikibaki nyingi, tunakula nyingi."

Akarudi kwenye kazi yake. Jembe likasema krr, krr, krr.

Hamduni alisimama pale akiwa ameiona leso yake juu ya ukuta, asiikumbuke. Alikuwa amefundisha msimu mzima. Alikuwa ameshika kichwa cha mtu akakisukuma kwenye ubao. Alikuwa amemwita Magige mpumbavu mbele ya vijana wa kubeba nyama, nao wakacheka. Na muda wote huo alikuwa anamfundisha mtu kukata chakula cha watoto wake na kumrudishia mwenye bucha, kipande kwa kipande, kisu kikiwa kimelazwa. Kilichomtia kichefuchefu sasa hakikuwa ile nyama. Alijikuta anautazama ule ukoko wa chaki katika kucha zake, na akauona mchafu kuliko chungu cha yule mama.

Jioni alikwenda kwa Magige. Mchunaji alikaa mbele ya nyumba yake akisuka kamba ya katani, na alipomwona mwalimu alisimama akampisha kigoda.

"Nyamburi ameniambia," Hamduni alisema. "Kwa nini hukunieleza?"

"Hukuuliza, mwalimu. Ulikuwaga unafundisha."

"Kwa hiyo kuchuna unajua."

"Ile ya kidevu mpaka mkia nilikuwa sijui. Sisi tulianziaga tumboni. Na ile ya ngumi mbavuni sikuijua, ni nzuri sana. Nilishika siku ya kwanza." Magige alitabasamu kidogo. "Umefundisha vizuri. Nikichuna mbuzi ya nyumbani ninafanya hivyo hivyo. Lakini ya Shomari..." Akainua mabega.

"Na Jumatano?"

"Jumatano nitachuna safi. Nikinyang'anywa kibali, hata hiyo kidogo inaisha. Lakini nikishachuna safi mara moja mbele ya watu, Shomari amenishika. Hataniacha nichune vibaya tena. Atasema, ulijua, kumbe ulikuwa unaniibia." Akaifunga kamba fundo, akaiweka chini. "Mwalimu, wewe unajua Kizungu. Huyo Bwana mgeni, mwambie. Mwambie achunaye safi apewe nyama yake au pesa yake. Akisema yeye, Shomari atatoa. Ukisema wewe ni neno la mwalimu. Akisema yeye ni amri."

"Nitamwambia," Hamduni alisema.

Alisema kwa moyo wake wote, na hilo tumpe. Kabla ya Jumatano alijaribu hata njia nyingine. Alikwenda bucha, akamkuta Shomari ananoa panga lake la kukatia mifupa. Shomari alikuwa mtu mnene, mcheshi, baba yake Mmanyema aliyefika Bunda na mzigo wa chumvi kichwani, na yeye sasa alikuwa na bucha, duka, na kauli za watu wenye duka. Hamduni alizunguka mbali, akataja bei ya gredi ya kwanza, akataja jinsi ngozi safi zitakavyomwinua mwenye bucha, ndipo akafika: kwa nini asimpe Magige fungu dogo la nyama kila ng'ombe, ngozi ziwe nzuri, kila mtu afurahi?

Shomari aliacha kunoa. "Fungu? Zamani Mhindi alinunua ngozi kwa uzito, nyama ikibaki ngozini hata mimi nilifaidi. Sasa ananunua kwa gredi, kwa usafi wa ngozi. Wewe umeletwa uniokolee ngozi yangu na nyama yangu, ndiyo maana nakuheshimu. Leo unataka nikishapata kwa mkono huu nitoe kwa huu?"

"Mtu anafanya kazi, Bwana Shomari. Mkono mtupu haulambwi."

"Nani kasema mtupu? Anafanya kazi chini ya paa langu." Kisha akacheka, akampiga Hamduni bega kwa mkono wenye mafuta. "Sikiliza, mwalimu. Wewe fundisha kisu. Mambo ya nani ale nini yana watu wake, na siku hizi serikali inawatafuta watu wa namna hiyo. Mimi nisingependa Bwana Mifugo asikie mwalimu wake anawachochea wachunaji. Nisingependa kabisa."

Hamduni alirudi chumbani akiwa na alama ya mafuta begani. Alilifua lile shati usiku huo huo, akalifua tena alfajiri.

Jumatano machinjio yalikuwa yamepigwa deki. Bwana Mifugo alikuja na gari, kijana mwekundu wa shingo, Kiswahili chake kikiishia kwenye kuagiza maji ya kuoga. Alisimama mbali na damu, na Hamduni aliona, kwa mshangao, kwamba naye alikuwa ameshika leso. Shomari alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua. Akachinja mwenyewe kwa bismillahi, akarudi nyuma, akamwachia Magige.

Magige alichukua kisu cha ncha ya duara. Akaanzia kidevuni, akateremka hadi mkiani bila kusimama, mstari mmoja. Akafungua miguu. Mkono wa kushoto ukavuta ngozi hadi ikakazika, wa kulia ukapita chini yake kwa ulaini, bila papara, na pale kisu kilipopita palibaki utando mweupe tu. Mbavuni alikiweka kisu katikati ya meno, akaingiza ngumi, akaisukuma ngozi kwa uzito wa bega, ikaachia. Vijana wa kubeba nyama, waliokuwa wamezoea kumcheka, walisogea karibu ili waone. Hamduni alijikuta anafuata kila hatua kwa midomo, maneno yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Mpwapwa hakusikia harufu yoyote. Ilikuwa kazi nzuri. Mwalimu yeyote angetamani kufa siku kama ile.

Ngozi ilipoinuliwa ilikuwa safi upande hadi upande. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na nyama hata ya kumlisha paka.

Nyamburi alikuwa amesimama kando ya ukuta pamoja na wanawake wengine. Hakubeba chombo.

Bwana Mifugo alifurahi hata akaisogelea damu. Akamgeukia Hamduni, akamuuliza kwa Kiingereza: safi sana, lakini kwa nini ilichukua muda mrefu hivi kujifunza? Tatizo la watu hawa lilikuwa nini hasa?

Swali lilikuwa limekuja lenyewe, limefunguliwa kama mlango. Magige alinyooka, kisu kikidondosha damu, akamtazama mwalimu. Shomari naye alimtazama, akitabasamu, vidole vikichezea tasbihi. Hamduni alifungua mdomo. Maneno aliyapanga tangu Jumapili, aliyakariri kwa Kiingereza akiwa kitandani, na yalikuwapo yote. Lakini aliiona sare yake ya kaki. Aliiona ile baiskeli ya serikali iliyoegemea mti. Akamwona karani aliyekuja na Bwana garini, kijana wa rika lake, viatu vyake vinang'aa.

"Walikuwa hawajaelewa, bwana," alisema kwa Kiingereza safi. "Sasa wameelewa."

Bwana Mifugo akaangua kicheko cha furaha, akampa Hamduni mkono, kisha akamgeukia Magige, akampa mkono naye, damu na vyote, akisema "Mzuri! Mzuri sana!" Na Magige, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza, aliona mwalimu amesema, na Bwana amesikia, na Bwana amecheka na kumshika mkono. Uso wake ukafunguka. Akamtafuta Nyamburi kwa macho kule ukutani, akamwinulia kichwa: limekwisha.

"Mwalimu," Magige alinong'ona, Hamduni alipopita karibu, "Mungu akulinde."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kumwambia. Hamduni alisema, "Kanawe, Magige."

Mchana ule Shomari alituma kwa Bi Fatu nundu nzima ya yule ng'ombe, imefungwa kwenye jani la mgomba. Bi Fatu aliipokea kwa mikono miwili. Aliikata, akaikaanga katika mafuta yake yenyewe, nyumba nzima ikanukia, na akamwekea Hamduni sahani iliyofurika. Hamduni alidhani hataweza kula. Alijiandaa kwa kichefuchefu, pengine alikitamani. Akatia kipande mdomoni. Kilikuwa laini, kitamu, hakikuhitaji hata kutafunwa. Akala cha pili. Alikula mpaka akaipangusa sahani kwa ugali, na alipomaliza alikaa akijichukia mdomo, tumbo, na vidole vilivyong'aa mafuta.

"Leo umekula kama mtu," Bi Fatu alisema.

Bwana Mifugo alikuwa ameacha amri: mwalimu aende Butiama mara moja, na huyo mchunaji hodari amchukue, akawaonyeshe wenzake. Ijumaa baada ya sala wakaondoka, Hamduni akiendesha, Magige nyuma kwenye karia amekumbatia mfuko wa visu. Njia nzima Magige aliongea. Aliongea juu ya ngumi mbavuni, jinsi ya kuwafundisha wazito wa mkono. Aliongea juu ya fungu lake: angeomba paja au mbavu? Nyamburi alikuwa anataka mbavu. Hamduni alisema kilima kinakuja. Walishuka, wakasukuma.

Kule Butiama machinjio yalikuwa uwanja tu, mawe yamepangwa na mti mmoja wa kufungia. Mchunaji aliitwa Mseti, mtu mfupi mwenye kikohozi, na walipofika alikuwa tayari amemwangukia fahali, ananing'iniza mapande ngozini bila haya. Kando yake alikaa mwanamke, sufuria limefunikwa kwa kitambaa, anasubiri.

Hamduni alitoa ubao na chaki. Lakini Magige alikuwa amekwisha kuvua shati. Akapiga magoti nyuma ya Mseti, akaupitisha mkono wake juu ya mkono wa yule mtu, akaushika pamoja na kisu, akaulaza. "Hivi. Sikia ngozi yenyewe. Usikate, ifuate."

Mseti aliuvuta mkono wake. "Niache. Inatelezaga tu."

Magige alicheka kicheko cha mtu anayeujua ule uongo kwa jina lake la ukoo. Akaangalia sufuria, akamwangalia mwanamke, akainama kwenye sikio la Mseti, lakini sauti yake ilifika hadi kwenye ubao.

"Ndugu yangu, chuna safi, usiogope. Hata mimi nilikuwaga hivyo hivyo. Mwalimu ameshatusemea kwa Bwana. Nyama yetu inakuja."

Mseti alisita. Polepole akageuza shingo, akamtazama Hamduni, na yule mwanamke pia akamtazama, na Magige, mkono wake ukiwa bado umeushika mkono wa mwenzake, akainua uso wenye jasho na fahari akingoja mwalimu athibitishe.

Chaki ilivunjika mkononi mwa Hamduni. Akaitikia kwa kichwa.

Mseti akashusha pumzi, akaulegeza mkono. Kisu kikalala, na ngozi ikaanza kuachana na nyama, nyeupe, bila kubakiza kitu.